Soko lenye paa mtaani kwetu, tuanzie wapi?

Toka masika yaanze barua zenu karibu zote zinaongelea kitu kimoja, soko. Sio Kariakoo, hapana, ni lile la mtaani kwenu la matope na maturubai, na wengi mnataka liwe na paa, liwe la ndani, watu wauze na wanunue mwaka mzima bila kuangalia mawingu. Basi leo nimeziweka pamoja. Za mapenzi na za mawifi zisubiri toleo lijalo, wivu hauozi ila nyanya zinaoza. Majina nimeyatoa na barua ndefu nimezipunguza.

SWALI: Shikamoo shangazi. Mimi nauza nyanya na vitunguu Tabata, pembeni ya barabara, miaka mingi sasa. Mvua ikikamata siku mbili tatu ndo basi tena, lori la Iringa linashusha matenga juu ya matope, yale ya chini yanaingia maji, nyanya zinapasuka, ukifungua tenga kesho yake nusu unamwaga, na mteja mwenyewe haji maana hawezi kupita pale na viatu vya kazini. Sasa sisi wauzaji na baadhi ya wateja wetu tumekaa kwa mwenyekiti wa mtaa tukakubaliana tuwe na soko la kujengwa, lenye paa. Daftari la majina limejaa. Tatizo kila mtu ana lake, kuna wanaosema tuchangishane tununue kiwanja, kuna wanaosema soko ni mali ya serikali mwananchi huwezi kuwa nalo, kuna wanaosema tumtafute mfadhili, vikao vimekuwa vya kugombana tu. Tuanzie wapi?
Muuza nyanya, Tabata

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongereni, maana mitaa mingi watu wanalalamika tu hata daftari hawana.

Nianze na hilo la serikali. Ni kweli Sheria ya Serikali za Mitaa ya mamlaka za miji, ya 1982, ndo inayoipa halmashauri kazi ya kuanzisha na kusimamia masoko, na nyie Tabata mko chini ya Jiji la Dar es Salaam, ile iliyokuwa Manispaa ya Ilala mpaka 2021. Lakini hiyo haimaanishi mwananchi akae kimya asubiri. Njia ziko mbili. Ya kwanza mnasukuma kutoka chini, mkutano wa mtaa unapitisha, muhtasari unaandikwa na kupigwa muhuri, unaenda kamati ya maendeleo ya kata, diwani wenu analibeba mpaka halmashauri. Ya pili mnajisajili kama ushirika au kampuni, mnatafuta eneo lenu, mnaomba kibali cha ujenzi, mnaendesha wenyewe na kulipa leseni na kodi kama mfanyabiashara mwingine yeyote. Hii ya pili kwenye kikao inapigiwa makofi sana, ila kiwanja cha kutosha soko hapo Tabata kwa michango ya buku buku mtazeeka, na hela ikishakaa muda mrefu kwa mtu mmoja mnajua wenyewe kinachofuata. Mimi ningekuwa mmoja wenu ningesema ardhi na jengo viwe vya halmashauri, uendeshaji nyie muwemo, tena kwa mkataba wa maandishi sio kwa ahadi ya jukwaani. Na wahini, mwaka wa fedha wa serikali unaanza Julai mosi na bajeti inapikwa miezi mingi kabla, ukipeleka muhtasari wako mwezi wa tano utaambiwa subiri mwakani na wala hawakudanganyi.

Sasa kabla hata ya huo muhtasari kuna kazi moja naomba muifanye, na nitairudia kwenye barua nyingine leo mpaka mnichoke: hesabuni miguu. Chukueni vijana wawili wakae na daftari pale mnapotaka soko liwe, kuanzia saa kumi jioni mpaka saa mbili usiku, siku za kazi na Jumamosi pia, waandike wanapita wangapi, wanashukia kituo gani, wanaelekea wapi. Mama anayetoka kazini Posta akishuka kwenye daladala anataka nyanya, kitunguu, nazi na dagaa vyote viwe njiani kuelekea nyumbani kwake. Soko likiwa mita mia tatu upande mwingine, hata ulitie vigae na mafeni, yeye ataishia gengeni kwa jirani. Na kiukweli eneo ambalo halmashauri huwa nalo mara nyingi ni lile lililobaki, huko nyuma ya kila kitu, karibu na bonde. Mkipewa la bondeni kataeni kwa adabu. Mto Msimbazi haujahama, na mafuriko ya Desemba 2011 tunayakumbuka wote, watu walipelekwa Mabwepande.

Cha pili ni hesabu ya kila siku. Chukulia mna vizimba 80 na ushuru ni 500 kwa siku kila kizimba. Hiyo ni 40,000 kwa siku, kwa siku 30 ni 1,200,000 kama wote wamelipa, na nakuhakikishia hawatalipa wote. Humo utoe walinzi wa usiku, watu wa usafi, gari la taka, bili ya maji, umeme, na siku choo kimeziba umtafute wa kukizibua. Andikeni bei za mtaani kwenu mbele ya kila kimoja muone kinabaki nini. Kwenye matope hakuna anayekuletea bili ndo maana hamjazoea, soko la ndani lina bili kila mwezi hata mwezi ambao mmeuza vibaya, na hapo ndo masoko mazuri huanza kunuka: hela ya taka haipo, taka zinakaa siku tatu, inzi, wateja wanapungua, ushuru unapungua, gari la taka ndo kabisaaa haliji tena. Kwahiyo kama halmashauri inachukua ushuru wote halafu usafi ni juu yenu, hilo mlimalize kabla mtu hajashika jembe. Ombeni asilimia fulani ya ushuru ibaki pale pale sokoni kwa usafi na matengenezo, na iandikwe.

Mfadhili mwekeni mwisho kabisa. Mfadhili anakuja na mchoro wake mkononi, na mkiwa hamna hesabu zenu mtaukubali tu kwasababu una rangi nzuri.

Kuna kitu mwanangu hukukiuliza ila nakutajia, ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, 4 ya wanawake, 4 ya vijana, 2 ya watu wenye ulemavu, haina riba. Ilisimamishwa 2023 ikarudishwa 2024. Hiyo sio ya kujengea soko, msijidanganye, ila ni ya kukuwezesha wewe ukishaingia kwenye kizimba uwe na mzigo na mizani. Kikundi kisajiliwe, muoneni afisa maendeleo ya jamii wa kata.

SWALI: Shangazi mimi niko Mabibo kwenye ndizi. Kila nikisikia soko la kisasa naona wanachora ghorofa. Hivi nani atapanda ghorofa ya pili kununua fungu la nyanya? Ile Machinga Complex si tuliiona. Waambie wasomaji wako waache kushabikia vioo.
Mzee wa ndizi, Mabibo

JIBU: Shikamoo mzee wangu, hapa sina ubishi na wewe. Machinga Complex ilijengwa pale Ilala kwa ajili ya wamachinga, jengo kubwa, na kwa miaka mingi vizimba vingi vikakaa vitupu huku chini nje watu wamepanga bidhaa chini barabarani, maana mteja yuko barabarani. Miguu tena hiyo.

Ila ghorofa lenyewe halina kosa, kosa ni kuweka chakula kibichi juu. Angalia soko la Kariakoo la zamani, lile alilolichora Mtanzania mwenzetu Beda Amuli na Mwalimu Nyerere akalifungua Desemba 1975. Lile lilikuwa na sehemu ya chini ya ardhi, mzigo wa jumla unaingilia kule, mteja wa rejareja akitoka mtaani anaingia moja kwa moja usawa wa barabara bila kupanda ngazi. Mtu amebeba kikapu, ana mtoto mgongoni, ana maumivu ya magoti, unataka apande ngazi kwa ajili ya bamia? Kama eneo ni dogo na lazima mpande juu, basi mboga, matunda na samaki chini, juu wapelekeni mafundi cherehani, saluni, ofisi ya soko, VICOBA na watu wa vifungashio, yaani wale ambao mteja anawafuata kwasababu anawajua. Na kwa soko la mtaa, mzee, shedi moja ndefu ya chini inatosha kabisa, sema haipendezi kwenye picha za uzinduzi.

SWALI: Mambo shangazi, mimi kijana wa Kigamboni. Kaka yangu yuko Boston Marekani, ananitumia video za soko lao la ndani, mwaka mzima watu wananunua mboga huku nje theluji. Nikamwambia huku hakuna theluji sasa tujifungie ndani na hili joto la nini? Lakini pia nikaona kuna cha kujifunza. Wewe unaonaje?
Kijana, Kigamboni

JIBU: Poa mwanangu, ila shangazi yako hasalimiwi mambo, anapewa shikamoo.

Hilo soko nadhani kaka yako anaongelea Boston Public Market. Chama chao cha kulianzisha kiliundwa 2001 na milango ikafunguliwa Julai 2015. Miaka kumi na nne! Na wale wana hela. Nawaambia hivi ili wale wa Tabata wakifikisha mwaka wa pili bila tofali wasianze kushikana mashati. Jengo lenyewe ni mali ya serikali ya jimbo, chama ndo kinaendesha, na liko juu ya kituo cha treni cha Haymarket. Juu ya kituo, umesikia? Mtu anatoka kwenye treni yuko sokoni. Huku kwetu hiyo maana yake ni stendi, kituo cha mwendokasi, kwenu Kigamboni ni pale watu wanaposhuka kwenye pantoni.

La kutoiga ni lile sharti lao kwamba kinachouzwa kitoke kwenye majimbo yao ya New England tu. Sisi Dar tukiweka sharti la namna hiyo tutakula nini, viazi vinatoka Njombe, vitunguu Singida, machungwa Muheza, kabichi na karoti Lushoto, nanasi Kiwangwa. Cha Dar yenyewe ni mchicha, matembele na chainizi za mabondeni na za Kigamboni kwenu. Hao ndo ningewatengea kona yao ya alfajiri kwa ushuru mdogo, kwasababu mchicha ukifika saa nane mchana ushalala hata umwagie maji vipi.

Kuhusu joto uko sahihi. Wao wanajenga ukuta kuzuia baridi, sisi tukijenga ukuta tunapata tanuri la mikate. Kwetu soko la ndani lina maana ya paa na sakafu, ukuta ni wa kuzuia mwizi tu. Amuli aliliona hilo mapema, paa la Kariakoo alilitengeneza kwa miavuli ya zege iliyogeuzwa, mkubwa mkubwa, hewa inapita na maji ya mvua yanakusanywa yanaenda kwenye matangi chini. Nyie hamna hela ya miavuli ya zege, sawa, lakini paa linaweza kuwa refu kwenda juu, kati ya ukuta na paa mkaacha nafasi na kuweka wavu kuzuia kunguru, bati kadhaa ziwe za kupitisha mwanga ili mchana msiwashe taa, na mifereji ya paa imwage kwenye masimtanki. Maji hayo ni ya kuosha sakafu na vyoo. Paa fupi la bati tupu bila dari, saa saba mchana mwezi wa pili, nyanya inaiva mbele ya macho yako na muuzaji anahamia nje kwenye mwembe, soko linabaki la paka.

Na wale mnaopenda mfano wa wananchi kujinunulia kiwanja, upo, Borough Market ya London. Mwaka 1756 watu wa eneo lile walichanga pauni 6,000 wakanunua ardhi ya soko lao, na mpaka leo linasimamiwa na bodi ya wadhamini kwa niaba ya watu. Kwahiyo sisemi haiwezekani. Nimesema Tabata kiwanja ni ghali.

SWALI: Shangazi sisi wateja hatuulizwi. Wakijenga soko zuri bei si zitapanda? Mimi sasa hivi nanunua chini kwenye gunia, matope sawa lakini bei ninaimudu.
Mama wawili, Sinza

JIBU: Swali zuri na jibu fupi. Ushuru peke yake hauwezi kupandisha bei kiasi cha kukuumiza. Muuzaji akiuza mafungu 60 kwa siku, ile 500 ikigawanywa ni kama shilingi 8 kwa fungu. Hasara ya nusu tenga iliyooza kwenye mvua anakuongezea wewe zaidi ya hapo na hakwambii. Kinachopandisha bei ni kizimba kukodishwa mara mbili mara tatu, nimekieleza kwenye barua inayofuata, isome usiruke.

Na nyie wateja daini kitu kimoja, mzani wa kuhakiki mlangoni, wa soko sio wa muuzaji, uliopigwa muhuri na Wakala wa Vipimo. Umenunua kilo mbili za viazi, unapima tena kabla hujatoka. Rumbesa imepigwa vita miaka yote, gunia mwisho kilo 100, lakini ndoo iliyobonyezwa tako na kisado cha vitambaa chini bado vipo mpaka leo. Soko likijulikana kwamba vipimo vyake ni vya kweli utaona watu wanavuka vituo viwili kulifuata.

SWALI: Acheni kudanganya watu. Soko likijengwa vizimba wanagawana wakubwa na ndugu zao, halafu sisi tuliokaa kwenye jua tunakodishiwa kwa bei ya kuruka. Mtaani kwetu ilitokea, aliyepewa kizimba hajawahi hata kushika nyanya. Shangazi utasemaje hapo?
Mwenye hasira, Mbagala

JIBU: Una haki ya hasira kaka yangu. Hili ndo linaloua masoko kuliko mvua, na watu wa michoro hawapendi kuliongelea.

Inavyokuwa ni hivi, halmashauri inatoza kodi ndogo ya kizimba kwa nia njema, mtu mwenye mkono mrefu anachukua vitano, anavikodisha mara tatu ya bei, na yule wa chini anayeuza kweli hana hata karatasi yenye jina lake. Siku ya kuhama au ya moto, orodha ya fidia inaletwa, majina ni ya watu ambao sokoni hawajulikani kwa sura.

Dawa yake inaanza kabla habari za ujenzi hazijavuma. Nasisitiza kabla. Kwa sababu siku diwani akisimama kwenye mkutano akasema soko linakuja, kesho yake asubuhi utaona watu wamepanga nyanya nne juu ya ndoo waonekane wafanyabiashara wa siku nyingi. Kwahiyo mkiwa bado mnahesabu miguu, andikeni na wauzaji: jina, picha, anauza nini, anakaa meza ipi, majirani zake wa kushoto na kulia wasaini kwamba wanamjua. Nakala moja kwa mtendaji wa mtaa, moja kwa diwani, moja mbaki nayo. Hiyo orodha ikishagongwa muhuri na kubandikwa ukutani kila mtu anaisoma, kuchomeka jina la shemeji inakuwa ngumu. Haishindikani, inakuwa ngumu.

Halafu sheria za kizimba ziwe chache. Kizimba kimoja mtu mmoja, jina la mkataba ndo mtu anayekaa, kukodisha marufuku, ukiumwa ndugu yako anakushikia kwa kuandikisha, ukikaa bila kufungua bila taarifa kwa muda mliokubaliana kinarudi sokoni anapewa wa kwenye foleni. Nafasi zigawiwe kwa kura hadharani kila kundi kivyake, wa mboga na wenzao, wa nafaka na wenzao, maana kila mtu anataka ya mlangoni na mlango ni mmoja. Ushuru ulipwe kwa kontrol namba au mashine ya posi, risiti utoke nayo, sio mtu anazunguka na daftari na kalamu sikioni. Na mapato na matumizi yabandikwe kila mwezi pale pale kwenye ubao, hata kwa mkono. Watu wakiona mwezi huu zimeingia laki tisa na gari la taka limelipwa laki mbili, wanalipa bila kukimbizana. Wasipoona kitu wanajificha chooni mkusanyaji akipita, na mimi siwalaumu.

Kamati ya soko muwemo wauzaji na wateja wote wawili, na wanawake wasiwekwe kuwa watunza chai. Sokoni kwenyewe ukipita wengi ni akina nani?

SWALI: Shikamoo shangazi, mimi nakaanga samaki na kuuza ugali. Wenzangu kwenye kamati wanasema soko la ndani likija sisi wa majiko tubaki nje kwasababu ya moshi na harufu. Ni haki?
Mama lishe, Ubungo

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kukutoa sokoni sio haki na pia ni ujinga wa biashara, watu wa sokoni wenyewe watakula wapi, na mteja akija kula anaondoka na nyanya. Lakini kukuweka katikati ya vizimba vya mbao na magunia na mimi nakataa.

Mnakumbuka usiku wa Julai 10, 2021 Kariakoo ilivyoungua, na Januari 2022 ikafuata Karume pale Mchikichini. Kariakoo kulikarabati na kujenga jingine pembeni yake serikali ilitenga zaidi ya shilingi bilioni 28. Soko la mtaani kwenu likiungua nani atatenga? Kwahiyo majiko yawe na banda lao lililoshikana na soko lakini lenye ukuta wa tofali kati yake, maji yake, na bomba la kutolea moshi. Feri wamefanya hivyo kwa samaki, mnada una sehemu yake, waparaji wao, wakaangaji kwao, na mama lishe nao wapo, kila kazi na kanda yake na bado ni soko moja. Banda hilo liwekeni upande wa magharibi wa soko. Upepo wa kusi unatoka kusini mashariki, kaskazi inatoka kaskazini mashariki, huku pwani yote miwili inakuja na bahari, kwahiyo ukikaa magharibi moshi wako hauingii kwa wenzako mwaka mzima. Na chini ya samaki wabichi sakafu iwe na mteremko kuelekea mfereji, hilo mwambieni fundi kabla hajamwaga zege, baada ya hapo ni kupasua.

Umeme kila kizimba kiwe na swichi yake na kuwe na swichi kuu moja ambayo mlinzi anaizima usiku. Na njia ya gari la zimamoto, ile namba yao 114 haina kazi kama gari likifika linakuta meza za mitumba zimeziba mlango.

SWALI: Shangazi sisi wa matoroli na maguta hatumo kwenye vikao vyao, wakijenga tutaingilia wapi?
Kijana wa toroli, Buguruni

JIBU: Ndo nilikuwa nangoja mtu aulize. Masoko mangapi ya ndani yana ngazi tatu mlangoni na toroli inabebwa na watu wanne? Daini mlango wa mizigo tofauti na wa wateja, uwe wa mteremko sio wa ngazi, upana wa kupishana matoroli mawili, sakafu isiteleze. Malori yashushe alfajiri yaondoke kabla wateja hawajaanza kuja, na muwe na sehemu ya kuegesha toroli yenye kivuli na choo, maana na nyie ni watu. Chagueni mmoja aingie kwenye kamati ya soko, na yule mchoraji wa halmashauri akija kupima eneo mwambieni aje saa kumi alfajiri lori la Iringa likiwa linashushwa, sio saa nne asubuhi.